Halua ya Khitma Yangu

Kikwajuni, Unguja
27 Oktoba 1982

Kwako mdogo wangu Ameir,

Barua hii ikukute mzima, wewe na Mama, kama inavyotuacha sisi. Vuai kifua kimempa nafasi kidogo, watoto wanasoma, na mimi bado nawafundisha hesabu watoto wa darasa la sita wasiotaka kufundishwa. Sukari hatujaiona tangu Ramadhani na sabuni tunagawiwa kipande kipande. Usinionee huruma, nakupa habari tu.

Haya, kusalimiana kumekwisha. Hii ni mara ya tatu nakuomba barua ya mwaliko. Uhamiaji hapa hawanipi pasi bila karatasi yenye sahihi yako, inayosema mimi ni dada yako na wewe utanipokea. Karatasi moja, Ameir. Wewe ni karani wa masjala katika ofisi ya serikali huko London, kazi yako kutwa ni karatasi. Uliponiandikia kwamba daktari kasema moyo wa Mama umetanuka, nilidhani barua ya mwaliko imo ndani ya bahasha hiyo hiyo. Niliikung'uta, nikaipindua juu chini.

Miaka kumi na minane sijamwona mama yangu. Ile siku mnaondoka mwaka sitini na nne, mimi na Vuai tuliwasindikiza mpaka kwenye meli, na Mama akaniambia, "Nakutangulia tu." Mwaka mmoja, alisema, mambo yakitulia utanifuata. Sasa anaumwa, na mimi nataka kumwona yu hai. Sina haja nyingine na Ulaya.

Na jambo moja hunijibu. Kwa nini tangu mwezi wa nne umetaka barua zangu zije kwa anuani ya duka la Bi Damyanti, yule Mhindi wa kwetu Unguja, hapo karibu na stesheni? Nyumba yenu haina mlango? Nimetii, lakini nataka kujua. Na kanga niliyompelekea Mama hukuniambia kama aliipenda.

Mbusie mikono Mama.

Dada yako,
Mwanamwema


Rayners Lane
12 Desemba 1982

Dada yangu mpenzi, shikamoo.

Namshukuru Mungu kwa uzima wenu. Hapa baridi imeingia, na mama yetu hajambo kwa hali yake. Anakaa dirishani kutwa, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, na tasbihi mkononi. Kila Ijumaa nikirudi kazini ananiuliza, "Ameir, una habari yoyote ya Unguja?" Namwambia hakuna, Mama. Anatikisa kichwa, anaendelea na uradi wake. Uzee huo, dada, anauliza neno lile lile kila wiki.

Barua yako ilichelewa kwa sababu Bi Damyanti alifunga duka siku za Diwali. Na nilipoipata, gundi ya bahasha ilikuwa imekunjamana, kama kitu kilichofunguliwa kikafungwa tena. Mimi si mtoto mdogo. Najua ni watu gani wanaofungua barua za mtu mwenye kazi kama yangu. Kwa hiyo andika kwa uangalifu, na jina la shemeji usilitaje kabisa.

Nikueleze kidogo, siyo yote. Wananihamishia idara nyingine. Ni mambo ya ulinzi wa taifa, zile silaha kubwa. Mimi sizigusi, nagusa mafaili tu, lakini hata anayegusa faili lazima achunguzwe: kazaliwa wapi, ndugu zake nani, wameoa na kuolewa wapi, wamesomea nchi gani. Unajua mwenyewe mumeo alisomea wapi. Ujerumani Mashariki kwa watu hawa si jina la kutaja mezani. Sasa fikiria mimi, mtu mweusi wa Unguja, nimefika nilipofika. Uchunguzi wangu unaendelea. Si wakati wa kutikisa kitu.

Ndiyo sababu nasema subiri. Subiri kidogo tu.

Mdogo wako,
Ameir


Kikwajuni
20 Februari 1983

Ameir,

Sisi wazima, nanyi natumai muwe hivyo. Mvua za vuli hazikuja, mihogo imekauka. Binti yangu mkubwa kaposwa, na mume mtarajiwa ni fundi radio mwenye akili zake.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilisoma habari za kazi yako kubwa. Mara ya pili nikaona ulipoandika kuwa Mama anakuuliza habari za Unguja na wewe unamjibu hakuna. Hakuna? Na barua yangu ilikuwa mfukoni mwa koti lako? Mimi nafundisha hesabu, huniwezi kwa hesabu nyepesi kama hiyo. Salamu zangu Mama humfikishii. Nieleze kwa nini.

Vuai nimemsomea pale uliposema jina lake lisitajwe. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Mwambie shemeji, Ujerumani Mashariki nilifundishwa kupanga mafaili, kama yeye." Miaka miwili ya baridi na viazi, akarudi na kifua kibovu. Huyo ndiye adui wa Waingereza. Na wewe unajua kuliko mtu yeyote ni nani aliyewatoeni hapa wakati hakuna mtu wa jina la ukoo wetu aliyeruhusiwa kupanda meli.

Nakuuliza sasa kwa adabu ya mwisho niliyonayo. Nikipata pasi, skuli zinafungwa mwezi wa sita. Wiki nne tu. Nitalala chini, chumbani kwa Mama. Sitamtaja mtu, sitafungua mdomo mbele ya Mzungu.

Dada yako,
Mwanamwema


Rayners Lane
17 Aprili 1983

Dada yangu, shikamoo, na hongera kwa posa ya mtoto.

Salamu zako namfikishia Mama, usiwe na wasiwasi. Kanga aliipenda sana, anaivaa kila siku. Ile ya kusema hakuna habari ni makosa yangu ya kuandika.

Mwezi wa sita haufai. Hapa pananukia uchaguzi, na nchi nzima inagombana juu ya kazi yetu hii. Chama kimoja kinasema silaha zitupwe, eti tukizitupa sisi na Mrusi ataona haya. Wanawake wamekwenda kupiga mahema nje ya uwanja wa ndege za kivita, wanaimba kwenye matope. Bi Damyanti naye kabandika karatasi yao yenye picha ya njiwa dirishani pa duka lake, nikamwambia aitoe, hakuitoa.

Watu hawaelewi, na wewe ni mwalimu, wewe utaelewa. Silaha hizi hazikutengenezwa zipigwe. Zimetengenezwa ili zisipigwe. Nikiwa ninayo na wewe unayo, hakuna atakayethubutu, na huo ndio usalama. Lakini pana masharti. La kwanza, adui lazima aamini kwamba utapiga, hata kama moyoni hutaki. Asipoamini, ulichonacho ni chuma tu. La pili, asijue kilipo. Ndiyo maana Waingereza wana nyambizi moja ambayo daima iko chini ya bahari, mahali pasipojulikana. Hata ukiuangamiza mji huu wote kwa asubuhi moja, ile iliyo chini ya maji itakulipiza. Haya yameandikwa magazetini, sikutolei siri. Nayaona kuwa na akili sana.

Mimi mwenyewe nimejitayarisha. Nimeng'oa mlango wa stoo nikauegemeza ukutani, tujifiche chini yake bomu likipigwa, kama serikali ilivyoelekeza, na chini ya ngazi nina mchele, maji na makopo ya samaki, vya siku kumi na nne za watu wawili. Nilimzoeza Mama kuingia chini ya mlango. Aliingia, akajilaza chali, akaniuliza mbao za upande mwingine, za kufunikia kaburi, nitaleta lini.

Vumilia. Mwakani inshallah.

Ameir


Kikwajuni
9 Juni 1983

Ameir,

Leo sikuulizi hali.

Jumamosi ilikuwa arusi ya binti yangu. Nilikuwa ukumbini nagawa vishada vya asumini, akaingia Bi Mwanabaraka, yule Mpemba anayekaa kwenu Harrow, kaja kuwaona watu wake. Nilimjua tangu skuli. Nikanyoosha mkono nimlaki. Mwanamke alirudi nyuma mpaka akakalia sinia la maandazi. Alikuwa anasoma dua kimoyomoyo, na macho yake yako kwenye miguu yangu, anaangalia kama inagusa chini.

Watu walimpa maji. Akasema mbele ya wote, mbele ya wakwe zangu wapya, "Mwanamwema, mimi nilikula halua ya khitma yako."

Kisha akanisimulia. Mwezi wa nne mwaka jana. Nyumbani kwako. Juzuu ziligawiwa, nisomewe kama maiti, watu thelathini, wanaume sebuleni na wanawake juu. Kipindupindu, uliwaambia. Nimezikwa siku hiyo hiyo, kwa hiyo hakuna haja ya mtu kusafiri. Mama alikaa katikati kwenye godoro, kajifunika kanga nyeusi, na wanawake wakimpa pole mmoja mmoja. Bi Mwanabaraka mwenyewe alimshika mkono. Alisema Mama hakulia, aliuliza tu nani aliyeniosha.

Nani aliyeniosha, Ameir? Ulimjibu nini? Ulimtaja mtu au ulimwambia hujui?

Sasa naelewa anuani ya duka. Naelewa kanga. Naelewa Ijumaa zako zote. Niandikie kwa mkono wako mwenyewe kwamba uliniua, na uniambie kwa nini.

Mwanamwema


Rayners Lane
14 Julai 1983

Dada Mwanamwema,

Sina uso wa kukuamkia.

Ni kweli. Nitakueleza ilivyokuwa, na unisome mpaka mwisho.

Kwenye fomu pana mistari ya ndugu walio hai, na kwa kila mmoja unaandika mume au mke na mafunzo aliyopata nchi za nje. Nilikaa na fomu ile siku sita. Nikikuandika wewe, lazima nimwandike Vuai, na nikimwandika Vuai kazi imekwisha, siyo ile mpya tu, hata hii. Nikikuacha bila kukutaja, ni uongo, watakugundua. Lakini palikuwa na mistari mingine chini, ya ndugu waliokufa, na hiyo haiulizi kitu zaidi ya jina. Aliyekufa hana mume. Nikaandika jina lako pale.

Halafu nikasikia kwamba wachunguzi huja mpaka nyumbani, huongea na wazazi. Mama hajui kudanganya. Angewaambia, "Ninaye binti Unguja, mwalimu." Kwa hiyo ilibidi na yeye aamini. Na kwetu sisi mtu akifa bila khitma ndiyo huulizwa maswali. Khitma ikaja yenyewe, dada. Nilianza na mstari mmoja wa karatasi.

Unaniuliza nilimjibu nini. Nilimwambia kaoshwa na majirani zake wema.

Sasa nisikilize. Kinywa chako usikifungue. Moyo wa Mama daktari kaupiga picha, ni kama mfuko wa karatasi ulioloa. Akijua kwamba uko hai, na kwamba mimi ndiye niliyemliza mwaka mzima, atakufa hapo hapo alipokaa, na atakuwa ameuawa na wewe, siyo mimi. Nimekosa, nakiri. Lakini mimi nimeishika amani iliyopo nyumbani humu, na wewe ndiye unayeweza kuivunja.

Ameir


Kikwajuni
2 Septemba 1983

Ameir, mwana wa mama yangu,

Sikukujibu haraka kwa sababu nilikuwa najifunza. Umenifundisha vizuri katika ile barua yako ya mwezi wa nne, nimeiweka juu ya meza ya masahihisho pamoja na madaftari.

Sikiliza basi mwanafunzi wako alivyoelewa. Nimeandika barua nyingine. Siyo kwako, kwa Mama. Nimeiandika kwa herufi za Kiarabu, kwa mwandiko alionifunza yeye ukumbini kwetu, na wewe ukikimbia kucheza gololi. Barua zangu za kawaida Mama hawezi kuzisoma, hizi herufi za Kizungu hakuzijua maisha. Hiyo ataisoma peke yake, bila wewe, bila miwani ya mtu. Nimeandika maneno machache: niko hai, Mama, sikuugua hata siku moja, muulize Ameir.

Bahasha ina anuani ya nyumba, siyo ya duka. Itapita mlangoni asubuhi, wewe ukiwa kazini.

Haiko kwangu. Anayo Bi Adelina, Mgoa mshonaji, na yeye ana ndugu Nairobi na Lisbon na sijui wapi, kwa hiyo usijisumbue kukisia itatokea posta ipi. Nimemwambia: nikifa mimi, itume. Vuai akipata balaa lolote, itume. Na ikifika mwisho wa mwezi wa kumi na moja bila mwaliko wa Ameir kunifikia, itume.

Umesema adui lazima aamini. Uliniua kwa mstari mmoja wa kalamu na ukala halua. Jiulize kama mwanamke aliyefanyiwa hivyo ataweza kupiga.

Naleta kwa Mama machozi yangu. Hayo najua hutamfikishia.

Mwanamwema


Rayners Lane
30 Septemba 1983

Mwanamwema,

Umechagua kuongea kwa lugha hiyo, haya.

Mwaka sitini na nne mumeo alitutolea vibali viwili, cha Mama na changu. Mhuri aliutoa ofisini kwao bila ruhusa ya mtu, na majina yetu yalikuwa kwenye orodha ya wasiotoka. Ninavyo vyote viwili. Karatasi nzuri, sahihi ya Vuai inasomeka, tarehe inasomeka. Mimi ni karani wa masjala, situpi kitu.

Nasikia siku hizi hewa ya huko nzito na watu wanatafutana. Karatasi mbili ndani ya bahasha, kwa anuani ninayoijua, bila jina la mtumaji. Mgonjwa wa kifua atakaa siku ngapi ndani?

Usinifikirie vibaya. Sitaki kuzituma. Siku nitakayozituma na mimi nimekwisha, kwa sababu Bi Adelina wako atatuma yako. Ndiyo hali yenyewe hiyo. Wewe unacho chako, mimi ninacho changu, na Mama anaishi. Niliwahi kukueleza kuwa ndio usalama, ukanicheka.

Hakuna mwaliko. Chukua barua yako kwa yule mshonaji.

Ameir


Kikwajuni
19 Novemba 1983

Ameir,

Barua nimeichukua kwa Bi Adelina. Nimeichoma jikoni na majivu nimemwaga.

Vuai hajui kitu. Jana aliuliza, "Shemeji hajambo?" Nikamwambia hajambo.

Mtunze Mama. Miguu yake uipake mafuta ya nazi, asikae nayo majini mpaka ikanyauka.

Mwanamwema


Rayners Lane
26 Februari 1984

Dada yangu,

Innalillahi. Mama ametutoka Jumatatu ya tarehe 13 mwezi huu, kabla ya adhuhuri, dirishani kwake. Nilikuwa kazini. Bi Damyanti ndiye aliyekuwa naye. Sikukuletea simu ya telegramu kwa sababu telegramu zinasomwa, na ningemwambia nani kwamba naipeleka kwa maiti. Kwa hiyo unapata habari hii keshazikwa wiki nyingi. Nisamehe kwa hilo, kama unaweza hilo tu.

Alizikwa siku ya pili, theluji ikianguka. Watu walikuwa wengi. Imamu aliyeomba dua aliwaombea wote wawili, yeye na binti yake marehemu aliyemtangulia, na watu wakaitikia amina. Na mimi niliitikia.

Nitakwambia jambo ambalo nilikuficha. Wale wachunguzi walikuja nyumbani tangu Machi mwaka jana. Bwana mmoja na bibi mmoja, wakanywa chai, wakala visheti. Walimuuliza Mama, mimi nikitafsiri, kama nalewa, kama nacheza kamari, kama nina rafiki Mrusi. Habari ya kuwa na dada au kutokuwa na dada hawakuuliza kabisa. Walikaa dakika ishirini. Kazi nilipewa. Nimeandika hayo kwa sababu sasa sina mtu mwingine wa kumwambia.

Na jambo jingine, ndilo hasa. Chini ya godoro la Mama nimekuta karatasi mbili, kaandika pande zote kwa herufi za Kiarabu, na juu pana jina lako. Mimi msahafu wenye irabu nausoma, lakini mwandiko wa Mama hauna irabu wala nukta za kutosha, siambulii kitu. Nimetambua jina lako, na jina langu. Langu limo mara tatu, mara ya mwisho karibu na chini, peke yake kwenye mstari.

Kwa nini alikuandikia wewe? Mtu anamwandikia marehemu? Sijalala vizuri tangu niione. Nakupelekea karatasi zenyewe. Nakuomba, kwa ziwa tulilonyonya, uniambie Mama amesema nini juu yangu. Kama ameniachia radhi yake nataka kujua. Kama hakuniachia, nataka kujua pia.

Ndugu yako,
Ameir


Kikwajuni
8 Aprili 1984

Ameir,

Sisi wazima. Matanga nimekaa peke yangu, maana hapa Mama alijulikana na wachache na huko mimi ni marehemu. Vuai kanipikia uji siku saba.

Karatasi zimefika. Nimezisoma. Mwandiko wake haukubadilika, ila mkono ulikuwa unachoka mwishoni.

Nitakwambia sehemu ambayo ni haki yako.

Ile gundi iliyokunjamana haikufunguliwa na serikali. Duka lilipofungwa kwa Diwali, Bi Damyanti alikuletea barua yangu mpaka nyumbani, akampa Mama mkononi, na Mama akamuuliza inatoka kwa nani. Akamsomea jina. Wakaifungua jikoni kwako kwa mvuke wa birika, Bi Damyanti akasoma kwa sauti, wakaifunga tena. Tangu siku hiyo kila barua yangu ilipita kwa Mama kabla ya kukufikia wewe. Zote, Ameir. Ya posa. Ya halua. Ya Bi Adelina.

Alijua niko hai mwaka mmoja na miezi mitatu. Moyo wake haukupasuka. Siku ile ya kwanza aliomba chai na mkate, anasema, na akala wote.

Kila Ijumaa alikuuliza una habari yoyote ya Unguja. Alikuwa anakupa nafasi umwambie mwenyewe. Alizihesabu zile Ijumaa, kaandika idadi yake humu, na wale wachunguzi walipokuja aliwanyamazia kwa ajili yako, akawapa visheti.

Na mimi nina yangu humu. Alijua kuna barua ya herufi zetu kwa mshonaji. Aliingoja. Tangu mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili alikaa dirishani kila asubuhi kumtazama tarishi akipita kwenye ukuta wa jirani. Alitaka ije, ili aweze kukuonyesha kitu mkononi na kukuambia, basi sasa, mlete dada yako. Haikuja. Mimi nilikuwa nimeichoma, kwa kumwogopea moyo wake na kumwogopea Vuai. Ananiuliza kwa nini sikuituma. Nimekaa na swali hilo siku ishirini, na nitazikwa nalo, safari hii kweli.

Kwa hiyo wewe ulinitisha kwa kifo chake na mimi nikatishika, mimi nilikutisha kwa barua na wewe ukatishika, na yeye mwenyewe alikuwa amekaa katikati anajua kila kitu, miguu ndani ya beseni. Ipelekee idara yako, waiweke kwenye faili.

Sasa mstari wa chini, wenye jina lako peke yake. Baada yake pana maneno tisa. Mama ameniagiza nikufikishie hayo maneno kama yalivyo, na kasema nisichelewe, maana anajua utataabika.

Sikufikishii.

Najua umepiga kopi, huwezi kuacha kupiga kopi. Hapo Harrow wamejaa wazee wetu wanaosoma mwandiko kama huu bila kuvaa miwani. Yule imamu aliyeomba dua atausoma akiwa amesimama. Mpelekee. Ila ataanza juu, na juu pameandikwa, "Kwa binti yangu Mwanamwema, aliye hai," na pana tarehe. Atasoma habari ya khitma, aliyoihudhuria, na halua, aliyoila. Kisha atakufikisha kwenye maneno yako tisa, na mji wote utakuwa umeshayajua pamoja nawe. Hiari yako. Uking'ang'ania kazi na heshima yako, kaa na karatasi, ujue unayo.

Vibali vya Vuai vitume unapotaka. Daktari kampa mpaka mwisho wa masika.

Usiniandikie tena kuniomba. Wewe mwenyewe ulitia jina langu kwenye mstari wa wafu, na aliyekufa hafikishi salamu za mtu.

Marehemu dada yako,
Mwanamwema